Bado Upo, Mwalimu?

Mambrui,
3 Mei 1986

Mwanangu Kaltuma,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, pamoja na za mama yako, za bibi yako, na za kuku wawili waliosalia baada ya haya nitakayokusimulia. Sisi wazima. Mgongo hunikumbusha umri kila nikiinama kuokota chaki, lakini mimi na yeye tumeshazoeana. Wewe je, kifua kimepoa? Bibi yako asema unywe tangawizi na uache kutoka asubuhi kichwa wazi, na ameniamuru niyaandike hayo kwanza kabla sijaanza porojo zangu.

Porojo zenyewe ni hizi. Barua ya Chuo Kikuu imefika.

Jumatano Menza, tarishi wetu wa shule, alitoka posta Malindi na baiskeli yake akaja moja kwa moja nyumbani. Mimi nilikuwa naoga. Bibi yako alikuwa barazani anasuka ukili. Akamwona Menza ameshika bahasha yenye muhuri mkubwa, na kama ujuavyo, bibi yako herufi za Kizungu hazisomi lakini muhuri anaujua. Akamwuliza, "Menza, hiyo yatoka wapi?" Menza akamjibu, "Nairobi, Bibi. Ni ya Chuo." Basi. Akaweka ukili chini, akapiga vigelegele.

Meno yake yamebaki manne, lakini ulimi haujapungua hata kidogo. Bi Shekha akamjibu kutoka upande wa pili wa kichochoro, nyumba ya nyuma ikampokea Bi Shekha, na kabla sijajimwagia kata ya mwisho mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mwalimu Zubeir amepata. Nikatoka na kikoi kiunoni na povu sikioni, nikakuta uani hapana pa kukanyaga. Menza akanipa ile barua kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Nikaifungua mbele yao. Imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, lakini kwa lugha yetu yasema hivi: maombi yako yamepokelewa na kuangaliwa, uamuzi umeahirishwa hadi kikao kijacho, utaarifiwa wakati ukifika.

Nikainua kichwa. Macho yote kwangu. Bibi yako amesimama mlangoni, anang'aa kama amepakwa mafuta. Ningesema nini? Nikasema, "Alhamdulillahi," neno lifaalo kwa kila hali. Wao wakalichukua, wakaenda nalo.

Kuku wakachinjwa. Sheikh akaniombea dua ya safari. Bwana Abdulghani fundi cherehani akaja na futi yake shingoni, akanipima mabega, ati Nairobi baridi huingia mifupani, na yeye ana kitambaa kizito kimelala dukani tangu enzi za Waingereza hakijapata mtu wa kukivaa. Bi Shekha akaleta chandarua. Kwa hiyo hali ni hii, mwanangu: nimeshaagwa, na sijaitwa.

Mtu wa miaka arobaini na mitano, aliyefanya mtihani wa Kidato cha Sita kwa madaftari ya bintiye, chumba kimoja na watoto waliomwamkia shikamoo kabla ya kila karatasi, hana haki ya kuwa na pupa. Nalijua hilo. Lakini nilikuwa nimeshajiona Oktoba hii, wewe mwaka wako wa mwisho, mimi wa kwanza, tunakula meza moja na wewe wajifanya hunijui. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, zaidi ya hiyo digrii yenyewe. Ukipata nafasi nenda ofisini kwao uniulizie, na unijibu kweli, usinipake asali.

Babako,
Zubeir

*

Nairobi,
17 Mei 1986

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, na Bibi mwambie kifua kimepoa na kichwa nakifunika, ingawa jana nilisahau. Natumai mfungo unakwenda vyema. Huku nafuturu kwa chai na mkate, na kila ikiadhiniwa magharibi nakumbuka uji wa pilipili manga wa Mama mpaka nataka kulia.

Barua yako niliisoma kitandani. Nilicheka hadi mwenzangu wa chumbani, Jedida, akadhani naumwa na tumbo. Nikamsomea na yeye, tukacheka pamoja. Kisha nikafika pale pa meza moja, nikaikunja barua.

Nimekwenda ofisini. Karani hakuwa mkali. Asema watu wazima walio kazini, waliojisomea wenyewe, wote wamewekwa kando kwanza mpaka ijulikane nafasi ngapi zitabaki. Huenda ikawa Oktoba hii, huenda ikawa mwakani. Nikamwuliza, "Kuahirishwa kuko karibu na ndiyo au karibu na hapana?" Akafikiri kweli kweli, akanijibu, "Kuko katikati." Hiyo ndiyo kweli uliyoitaka, Baba. Asali sina.

Sasa na mimi nina ombi. Waambie watu. Simama dukani kwa Bwana Abdulghani baada ya sala ya Ijumaa, useme: sijaitwa, nangoja. Watakucheka siku moja, kisha watapata mwingine wa kumcheka. Ukinyamaza utakuwa kama abiria aliyepanda basi lisilo na dereva, kila apitaye ampungia mkono wa kwaheri, naye amekaa tu dirishani.

Na nani kakwambia ningejifanya sikujui? Ningekutambulisha kwa kila mtu. "Huyu ni babangu. Msikae karibu naye, husinzia, na akiamka huuliza maswali."

Mwanao,
Kaltuma

*

Mambrui,
20 Juni 1986

Mwanangu,

Sikukuu imepita salama, na nguo za sikukuu za watoto wa mtaani zimeshapata matope ya kutosha. Nimefurahi kusikia kifua kimetulia. Mama yako hajambo, amekuandalia bizari ya kuchukua ukirudi. Bibi yako hajambo pia, kama utakavyoona.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilikwenda kwa Abdulghani Ijumaa, nimevuta pumzi, maneno yako mdomoni. Kabla sijafungua kinywa akaondoa mguu kwenye cherehani, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, bado upo?" Nikasema, "Nipo." Nikarudi nyumbani.

Swali hilo ndilo futari yangu na daku yangu. Muuza samaki: bado upo? Msikitini navua viatu: bado upo? Bi Shekha, ambaye kila siku ya Mungu huniona nikipiga mswaki, jana alisimama kabisa akaniuliza kama aniotaye. Nimeanza kupita kichochoro cha nyuma, na huko nikakutana na Menza. "Mwalimu, bado u hapa?" Mbuzi tu ndio hawajaniuliza, nao huniangalia vibaya.

Nikamwendea bibi yako taratibu. Yeye aijua barua isemavyo, nilimweleza usiku uleule wageni walipotoka. Nikamwambia, "Mama, unaona ulikonitia? Ulipiga mapema." Hakuacha hata kusuka. Akasema, "Mimi sikupiga mapema. Hao wamechelewa."

Nikakumbuka Sabaki. Sidhani nimewahi kukusimulia. Nilipopelekwa shule Malindi nilikuwa mdogo, na wakati huo pale tulivuka kwa mashua. Bibi yako alinisindikiza kwa miguu hadi mtoni, na kapu la mikate kichwani. Mashua ikaondoka, mimi nimebanwa kati ya magunia ya mahindi na wanaume wenye harufu ya tumbaku, yale maji mekundu yanatuzunguka, na yeye ukingoni akaanza vigelegele. Hatujafika hata katikati. Watu wakanigeukia. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye bwana harusi. Kila likizo ikiisha, ndivyo. Nilipobaleghe na kuanza kuona haya, nikamwambia, "Mama, si ungengoja nifike ng'ambo ndipo upige?" Akanijibu, "Ukishafika ng'ambo hutanisikia."

Kisha babu yako akafariki mwaka niliomaliza Kidato cha Nne. Nikashika chaki badala ya kuvuka mbele zaidi. Tangu hapo bibi yako hakupata tena sababu ya kunipigia, ukiondoa harusi, na mama yako ashikilia kwamba vile vilikuwa vyake, si vyangu.

Kwa hiyo nimemwachia vigelegele vyake, kama nilivyomwachia mtoni.

Koti limeshonwa. Zuri mno. Limetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, lanitazama. Njoo likizo ulione.

Babako,
Zubeir

*

Nairobi,
19 Oktoba 1986

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Nilifika salama. Bizari ya Mama ilimwagika kidogo ndani ya mfuko, sasa vitabu vyangu vyote vyanukia pilau, na Jedida asema kwa mara ya kwanza anaona raha kusoma.

Sijui nianzie wapi, basi nianzie mwisho. Wapya wameingia. Nilikwenda ubaoni nikasoma majina yote, kisha nikayasoma tena kuanzia chini, nikidhani labda wamekuandika kwa jina la babu. Hukuwemo. Nikaenda kwa karani yuleyule. Amenikumbuka. Asema hamkukataliwa, mmevutwa mpaka kikao cha mwakani.

Mwakani mimi sitakuwako. Nitakuwa nimemaliza.

Ulipokuwa ukinisindikiza stendi uliniambia hujali, ati kwa umri wako kungoja ni sawa na kupumzika. Nikaamini nusu. Lakini Mama aliniambia jambo. Asema kuna siku ya joto kali alirudi kutoka kwa Bi Shekha akakukuta chumbani umevaa lile koti, umefunga vifungo vyote hadi shingoni, umesimama tu mbele ya kioo, jasho linakutiririka. Asema alirudi nyuma taratibu akaenda kukohoa uani.

Baba, mimi nimekula chakula cha mchana leo peke yangu, kwenye ile meza ya dirishani. Sikutaka mtu akae.

Mwanao,
Kaltuma

*

Mambrui,
9 Novemba 1986

Mwanangu Kaltuma,

Salamu. Twaendelea, Mungu hajatunyima afya. Mama yako hajambo, ila nimemnunia kwa habari za koti, naye asema ninune vizuri nisikunje uso, nitazeeka. Bibi yako kashikwa na homa kidogo lakini asema ni mvua tu. Kula. Usiache kula meza hiyo kwa sababu yangu, wala usiweke kiti kwa ajili ya mtu aliye maili mia tatu.

Nitakuambia kweli, kwa kuwa mama yako ameshaniumbua. Najali. Nimejali mpaka nikachukua kalamu nikaandika barua kwa Chuo, fupi na ya adabu, kwamba nawashukuru na nawaomba waniondolee jina. Sababu niliandika "shughuli za kifamilia." Nikaona hivi: mtoto atakuwa ametoka, mimi nitaingia huko kufanya nini, kuwa babu wa darasa? Na kila siku kumjibu Abdulghani kwamba nipo. Bora nijitoe mwenyewe, nikae, niwaambie watu nimebadili nia. Nikaifunga, nikalamba stempu, nikaitia mfukoni kumpa Menza aende nayo.

Njiani nikapita dukani. Abdulghani hakuninyanyulia hata macho. "Mwalimu, bado upo?"

Sijui kilichonipata. Nilisimama pale barabarani, mimi mtu mpole, mwalimu mkuu msaidizi, nikamwambia kwa sauti ambayo nadhani Malindi walisikia: "Nipo, lakini naondoka."

Akasema, "Haya," akaendelea kushona.

Sasa mtu akishasema hivyo mbele ya wateja, atapelekaje ile barua posta? Nimerudi nayo. Mama yako ameiona stempu, akasema ni hasara, ameibandua kwa mvuke. Hii uliyoipokea imekuja kwa stempu hiyo.

Soma sana. Mimi nangoja.

Babako,
Zubeir

*

Nairobi,
24 Mei 1987

Baba,

Shikamoo wewe na Mama. Mwambie Bibi nimemnunulia leso jozi mbili, na nitampa mkononi, sitampa mtu alete. Mungu atujaalie tuimalize Ramadhani hii salama.

Mtihani waanza Juni mosi, wamalizika tarehe kumi na saba. Naogopa kiasi, si sana. Madaftari yangu uliyonirudishia yana alama zako pembeni kila mahali, "kwa nini?" na "nani kasema?", kwa hiyo nikisoma nakusikia. Chuoni hakuna habari bado. Karani asema kikao ni mwezi wa Juni.

Nimepata nafasi ya kufundisha kwa muda shule ya harambee Junju, mpaka nipangiwe kazi. Nitakuwa karibu. Nikifika nyumbani nataka samaki wa kupaka na kulala, basi.

Mwanao,
Kaltuma

*

Mambrui,
10 Juni 1987

Mwanangu,

Salamu. Twaendelea. Natumai karatasi zinakwenda vyema. Usihangaike na kitu chochote cha huku, kaza macho kwenye mtihani. Mvua imepungua. Mama yako akusalimu. Menza akusalimu. Bwana Abdulghani na Bi Shekha wakusalimu.

Ukimaliza, njoo moja kwa moja, usipite Mombasa.

Babako,
Zubeir

*

Nairobi,
17 Juni 1987

Baba,

Shikamoo. Nimemaliza leo saa sita.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro, kwa sababu nilikuwa na karatasi mbili mbele yangu, na nilijua nikiisoma tena sitaandika kitu. Hukufanya mzaha hata mmoja. Na umenipa salamu za Menza, na za fundi cherehani, na za jirani.

Tangu nije huku hujapata kuniandikia barua ambayo Bibi hasemi neno ndani yake.

Nakuja kwa basi la Ijumaa. Usinijibu. Kama ni lile ninalolidhani, nataka uniambie kwa mdomo wako, pale barazani. Sijakasirika. Au labda nimekasirika, nitajua nikifika. Zile leso nazileta.

Mwanao,
Kaltuma

*

Mambrui,
12 Julai 1987

Mwanangu Kaltuma,

Natumai Junju wamekupokea vizuri na wanafunzi hawajagundua kwamba wewe waweza kuchekeshwa. Mama yako hajambo. Nyumba kubwa mno siku hizi. Arobaini ya bibi yako ni Jumatano. Sheikh atakuja baada ya alasiri, na wewe omba ruhusa uje mapema umsaidie mama yako.

Nilikuahidi nitakuandikia kama kuna jipya. Liko.

Jana nimekaa barazani, mahali pake, nafanya nilichokuwa nafanya, yaani si kitu. Menza akaja na baiskeli. Safari hii alishuka mbali, akaikokota. Bahasha ileile, muhuri uleule. Bi Shekha alikuwa mlangoni kwake anapepeta mchele. Akaiona bahasha, akaniona mimi, nami nikamwona anafungua kinywa, kisha akakumbuka nyumba ina msiba. Akajiziba kwa kiganja. Akasimama vilevile, ungo umeinama, mchele unamwagika.

Nimepata, Kaltuma. Oktoba. Historia na Kiswahili.

Sikuweza kukaa. Hapakuwa na sauti hata moja mtaani, ungedhani watu wote wamehama. Nikavaa kanzu nikaenda kwa Abdulghani, maana kuna jambo lilikuwa limenikaa tangu tumzike bibi yako, ila sikuwa nimelipatia jina. Nikamwambia, "Bwana Abdulghani, mwezi mzima sasa hakuna mtu aliyeniuliza kama bado nipo. Mbona mmeacha?"

Akazima taa ya cherehani. Akasema, "Aliyetutuma hayupo."

Nikamwambia sielewi.

"Mwalimu, wewe wafikiri sisi wajinga? Twajua tangu siku ya pili. Mama alikuja hapa na bakora yake. Akakaa hapo ulipokaa. Akasema, mwanangu hawajamwita, lakini watamwita. Msimpe pole. Mkimpa pole atakaa. Kila mkimwona, mwulizeni kama bado yupo."

"Alikwambia wewe peke yako?"

"Alizunguka nyumba zote. Alimfuata muuza samaki mpaka ufukoni. Mimi siku moja nilikuonea huruma nikanyamaza, akaja kunigombeza hapa mbele ya wateja, mtu mzima mimi. Tulimwogopa kuliko tulivyokuonea haya."

Nikamwonyesha bahasha. Akaipangusa kwa mkono, kama yenye vumbi, akanirudishia. Akaniambia nilete koti, aangalie kama nimepungua.

Nimepungua. Amelichukua.

Kaltuma, siku ile uliyofika kwa basi ulinilaumu, nami nilistahili. Nilijua jinsi inavyouma kuwekwa ungoje, nikakuweka. Bibi yako alipozidiwa aliniambia jambo moja tu juu yako: "Mwache mtoto avuke kwanza."

Babako,
Zubeir

*

Junju,
14 Julai 1987

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuja kesho na basi la asubuhi, nimepewa ruhusa. Barua hii nampa Katana, mwalimu mwenzangu anayekwenda Malindi leo, akupitishie, kwa sababu siwezi kungoja mpaka kesho.

Barua yako nimeisomea nje ya darasa la tatu. Nilipofika pale pa Bi Shekha na kiganja nikaona haifai, haiwezekani habari kama hii ipite kimya. Huku si nyumba yenye msiba. Nikaenda nyuma ya shule, kwenye shamba la mihogo, nikapiga mimi.

Baba, sijui kupiga. Bibi hakuwahi kunifundisha, nadhani alidhani ni kitu kijacho chenyewe, kama meno. Ilitoka sauti ya kuku aliyekanyagwa. Wanafunzi wakatoa vichwa madirishani. Mmoja akauliza, "Mwalimu, umeumwa na nyoka?"

Nikawaambia babangu amekubaliwa Chuo. Wakanitazama kama ninayedanganya.

Sina lawama tena. Zilikuwepo, zimekwisha.

Mwanao,
Kaltuma

*

Nairobi,
18 Oktoba 1987

Mwanangu Kaltuma,

Salamu kutoka kwenye baridi. Sasa ni zamu yangu kuulizwa kifua, na jibu ni kwamba kinakohoa, na tangawizi nakunywa. Nataraji wewe na mama yako hamjambo, na kwamba Jumamosi Jumapili wamfikia Mambrui, usimwache na zile kuta peke yake. Mwambie uji wake nimeuota.

Siku ya kwanza niliingia darasani nimevaa koti la Abdulghani. Watoto wote wakasimama. Mmoja akaja kunifutia ubao. Nikatafuta kiti nyuma, nao bado wamesimama, wananigeukia kama alizeti, mpaka mhadhiri mwenyewe akaingia, kijana mwembamba wa shati la mikono mifupi, hakuna aliyemjali. Sasa wamezoea. Huniita Mzee Koti. Wamenichagua kiongozi wa darasa, kwa sababu, wanasema, mimi tu ndiye nisiyeweza kuchelewa. Nimeshasinzia mara mbili na kuuliza maswali mara nyingi zaidi, kwa hiyo ulikuwa umenijua.

Nakula ile meza ya dirishani. Nilimwuliza mhudumu, akakukumbuka. Asema ulikuwa huachi mtu akae.

Nataka nikwambie habari ya siku niliyoondoka, maana wewe ulikuwa kazini. Walikuja wote stendi, kama walivyojaa uani mara ya kwanza, ila wamenyamaza. Abdulghani akanifunga kifungo cha juu. Nikapanda. Injini ikawashwa. Bi Shekha akasogea dirishani, nikaona anajitayarisha, msiba ulikuwa umekwisha na hakuna wa kumzuia. Akaniangalia kwanza, kama anayeomba ruhusa. Nikamtikisia kichwa. Nikamwambia, "Vilishapigwa, Bi Shekha." Akaelewa. Akanipungia tu leso, mojawapo ya zile ulizoleta.

Basi likafika Sabaki. Siku hizi ni daraja, dakika moja umeshapita, mtu hapati hata nafasi ya kuona haya. Maji mekundu yaleyale. Nilifungua dirisha. Mwenzangu wa kiti akalalamika upepo, nikamwomba anivumilie kidogo. Nikatega sikio mpaka mwisho wa daraja.

Ni kama alivyoniambia bibi yako juu ya ng'ambo.

Baadaye nikafunga dirisha, nikamwomba radhi yule bwana, nikamgawia halwa. Akaniuliza nakwenda Nairobi kufanya nini. Nikamwambia nakwenda kusoma. Akacheka sana, mtu mwema. Na mimi nikacheka.

Mwanangu, ukipita mtaani kwetu Jumamosi, pita njia ya mbele, si kichochoro cha nyuma. Pita dukani, pita kwa muuza samaki. Na akitokea yeyote akakuuliza kama Mwalimu bado yupo, mwambie hayupo. Keshavuka.

Babako,
Zubeir